Taa, Cherehani na Kipimo cha Mia Tano

Katika mtaa ninaoishi, Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, duka la jirani huitwa "kwa Mangi", kwa jina la cheo cha machifu wa Wachaga, hata kama mwenye duka hatoki Kilimanjaro. Ukisimama jioni mbele ya dirisha lake lenye nondo, utasikia mahitaji ya nyumba nyingi yakitajwa kwa vipimo vidogo: mafuta ya kupikia ya mia tano, sukari robo, unga nusu, kiberiti, vocha ya elfu moja, umeme wa LUKU wa elfu mbili. Mtoto aliyetumwa na kichupa chake huamkia na kusema, "Shikamoo Mangi, mama anasema umpimie mafuta ya mia tano," na Mangi huitikia na kupima bila kuuliza swali, kwa sababu hivyo ndivyo sehemu kubwa ya jiji hili inavyonunua.

Nimeanza na duka hilo kwa sababu naamini kwamba historia ya vumbuzi, kama tunavyosimuliwa shuleni na vitabuni, imeacha nje sehemu yake iliyo muhimu sana. Tulifundishwa jina la mvumbuzi, mwaka, na kitu alichokitengeneza, tukakariri na kupata alama zetu. Orodha ile ni ya kweli na wenye majina yale wanastahili heshima, lakini haijibu swali ambalo mtu wa mtaani angeuliza kwanza: kitu hicho kilimfikiaje mtu anayepata fedha yake kwa siku? Mama lishe, dereva wa bodaboda, mbeba mizigo wa Kariakoo na kibarua wa ujenzi hawana mwisho wa mwezi. Wana jioni, na kilichomo mfukoni jioni hiyo ndicho kinachopanga maisha ya kesho. Kwa watu hawa chombo kipya hakiingii maishani siku kinapovumbuliwa, wala siku kinaposhushwa bandarini. Kinaingia siku mtu mwingine, ambaye jina lake ni nadra kukumbukwa, anapovumbua namna ya kukigawa mpaka kitoshe ndani ya pato la siku moja. Huo nao ni uvumbuzi, na ninauona kuwa sawa kwa uzito na ule wa kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya taa, ambayo ni rika moja na Dar es Salaam yenyewe. Katika miaka ya 1840, Abraham Gesner, daktari na mwanajiolojia wa Kanada, alionesha namna ya kupata mafuta hayo kutoka katika makaa ya mawe. Ignacy Łukasiewicz, mfamasia wa Kipolandi, akatengeneza taa ya kuyachoma, na tarehe 31 Julai 1853 taa yake ikatumika kumulika upasuaji wa usiku hospitalini Lwów, mji ambao leo uko Ukraini. Mwaka 1859 kisima alichochimba Edwin Drake huko Titusville, Pennsylvania, kilifungua njia ya mafuta mengi na ya bei nafuu kutoka ardhini. Miaka michache tu baada ya kisima hicho, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, katika pwani iliyokuwa ikijimulika kwa mafuta ya nazi na ya ufuta. Mji huu, kwa hiyo, ulikua pamoja na mafuta ya taa tangu utoto wake.

Lakini mafuta hayakuja peke yake. Yalikuja na chombo. Wafanyabiashara wa Marekani waliyasafirisha katika madebe ya bati ya galoni tano za Kimarekani, karibu lita 19, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Debe lilipokwisha mafuta halikutupwa. Afrika ya Mashariki nzima ililichukua na kuligeuza kipimo, na mpaka leo mahindi, mpunga na mkaa huuzwa kwa debe na watu ambao hawajawahi kuliona debe la mafuta ya taa. Lililokunjuliwa likawa bati la kuezekea nyumba za watu waliohamia mjini bila mtaji. Lililokatwa, pamoja na makopo ya maziwa na ya rangi, likawa kibatari mikononi mwa mafundi bati: kopo dogo, mfuniko wenye tundu, na utambi wa kitambaa. Hakuna hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, iliyowahi kuandikishwa kwa ajili ya kibatari, na hakuna mwanafunzi anayeulizwa nani alikigundua. Hata hivyo ni kibatari, wala si taa ya kioo ya Łukasiewicz, kilichowapa mwanga wa usiku watu wa Buguruni, Manzese na Mbagala kwa miongo mingi, kwa sababu chemli yenye kioo ilihitaji fedha ya mkupuo, ilhali kibatari kilikuwa cha bei ya chini kabisa na kilijazwa kwa kipimo kidogo cha bati kilichokuwa kikining'inia kwenye pipa la muuzaji.

Sipendi kukisifia kupita kiasi. Bibi yangu aliyetulea alikuwa akitufuta pua asubuhi kwa pembe ya khanga, na khanga ilitoka na masizi. Kibatari kiliunguza vyandarua, na pengine watoto. Mwanga wake ulitosha mtu mmoja kusoma kwa kuinama, naye aliinama juu ya moshi. Karabai, taa ya pampu ambayo kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin kiliifanya ijulikane duniani kwa jina la Petromax, ilitoa mwanga mweupe wa kutosha uwanja mzima, lakini ilikuwa chombo cha shughuli: cha harusi, cha hitima, cha wavuvi wa dagaa na cha muuza samaki wa usiku. Nyumba nyingi ziliazima. Kipimo kidogo kiliwapa maskini mwanga, na papo hapo kiliwapa mwanga ulio mbaya kuliko yote iliyokuwapo sokoni. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, nami nitayarudia nitakapofika kwenye gesi.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, mchezo uliojulikana nchi nzima kwa jina la uchakachuaji. Bei ilipanda, na nyumba ambazo zilikuwa bado hazina umeme zikaanza kugeukia tochi za betri, taa ndogo za sola na mwanga wa simu. Katika mtaa wetu vibatari vilitoweka kimyakimya, bila mtu kutangaza, na nadhani watoto waliozaliwa baada ya hapo watahitaji kuelezwa kitu chenyewe kilifananaje.

Cherehani inasimulia jambo lile lile kwa upande mwingine. Mshonaji wa Kifaransa aliyeitwa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mashine ya kushona mwaka 1830, akafungua karakana Paris ya kushona sare za jeshi, na mwaka uliofuata washonaji waliohofia riziki yao waliivamia na kuvunja mashine zake. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Majina haya yote yanajulikana. Asiyejulikana sana ni Edward Clark, mwanasheria aliyekuwa mshirika wa Singer, ambaye mwaka 1856 alikabili tatizo lisilotatulika kwa chuma wala kwa mafuta ya mashine: cherehani iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na familia ya kawaida ya Marekani ilikuwa haiwezi kuitoa fedha hiyo kwa mara moja. Clark aliruhusu mteja achukue mashine nyumbani kwa malipo madogo ya mwanzo, kisha alipe kidogo kidogo kila mwezi mpaka iwe yake. Hakubadilisha hata skrubu moja, lakini ndiye aliyeifanya cherehani kuwa chombo cha nyumbani badala ya chombo cha kiwanda.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa sana utaratibu huo, kwa sababu anaishi ndani yake. Bodaboda nyingi zinazopita barabarani ziko kwenye mkataba: tajiri ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, na siku ya mwisho pikipiki inakuwa yake. Bajaji nazo ni hivyo hivyo. Na kabla ya pikipiki kulikuwa na cherehani zenyewe, zile za kukanyaga kwa miguu, zilizopangwa kwenye baraza za maduka ya vitambaa kuanzia Mtaa wa Uhuru mpaka Mtaa wa Kongo. Fundi kijana alianza kwa kushonea mashine ya mwenye duka, akikatwa sehemu ya kila nguo, na wengi walitoka pale wakiwa na mashine zao. Hata yule asiye na baraza alipata njia: tunawaona hadi leo mafundi wanaotembea na cherehani begani, wakigonganisha mkasi ili watu wa ndani wasikie, wakikaa chini ya mwembe kurekebisha zipu au kupunguza suruali kwa shilingi chache na kuendelea na safari. Mashine iliyobuniwa ili ikae mahali pamoja kwenye meza yake imegeuzwa huduma inayobisha hodi, na inauzwa kwa mshono mmoja.

Nikifika kwenye umeme lazima nikae kidogo, kwa kuwa hapo ndipo pengo kati ya kuwapo kwa kitu na kufikika kwake lilipokuwa pana kuliko kwingine kokote. Thomas Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street mjini New York mnamo Septemba 1882, na tangu hapo alijua kwamba hawezi kuuza kitu kisichoonekana bila kukipima. Mita yake ya kwanza ilikuwa ya kikemikali: umeme ulipita ndani ya chupa yenye vibamba vya zinki, na kila mwezi mtu alikuja kuvichukua vibamba na kuvipima uzito, akajua mteja ametumia kiasi gani. Wakati umeme ukienea katika nyumba za wenye nafasi, watu wa viwandani Uingereza walikuwa wakitumia gesi kwa kupikia na mwanga, au tuseme walikuwa wakiitazama, kwa sababu makampuni hayakutaka kumwamini mtu wa kibarua na bili ya miezi mitatu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ikatokea mita ya kutumbukiza sarafu, na mmoja wa waliopata hataza yake ni Rowland Brownhill wa Birmingham. Mtu alitumbukiza peni moja na gesi ikatoka ya peni moja. Katika miaka ya 1890 mita hizo zilienea London na miji mingine, zikaingiza gesi katika nyumba za wafanyakazi ambazo zilikuwa hazijawahi kuwa nayo. Kwangu mimi jina la Brownhill lingestahili kusomwa darasani mara tu baada ya la Edison.

Dar es Salaam ilipata umeme wa kwanza wa umma mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wazungu. Mwaka 1931 kazi hiyo ikawa mikononi mwa makampuni binafsi mawili, DARESCO na TANESCO. Baada ya uhuru serikali ilizinunua hisa za makampuni hayo mwaka 1964, na tangu 1968 likabaki jina la TANESCO peke yake. Ukitazama tarehe hizo utasema jiji lina zaidi ya karne moja ya umeme. Ukitazama chumba cha mpangaji utasema jambo jingine.

Nyumba ya Kiswahili, kwa asiyeijua, ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Katika kila chumba anakaa mpangaji na familia yake. Umeme ulipofika katika nyumba ya namna hiyo ulifika kwa mita moja na bili moja ya mwisho wa mwezi, iliyokuja kwa jina la mwenye nyumba, ikiwa imeshatumika yote. Wapangaji waligawana kwa kuhesabu taa, au kwa kuhesabu vyumba, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwenye redio alitakiwa aongeze. Mwenye pasi alinyooshewa kidole. Aliyesafiri nusu ya mwezi alikataa kulipa, aliyehama katikati ya mwezi aliacha deni nyuma yake, na mama mwenye nyumba alizunguka vyumbani na karatasi mkononi akisihi. Wenye nyumba wengi waliamua kwamba amani ni bora kuliko taa, wakaacha nyumba zao bila umeme ingawa nguzo ilikuwa mbele ya mlango.

Katika miaka ya 1990 ndipo ilipokuja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, teknolojia ambayo wahandisi wa Afrika Kusini walikuwa wameifanyia kazi kubwa katika kupeleka umeme kwenye vitongoji vyao. Mteja analipa kwanza, anapewa tarakimu 20, anazibonyeza kwenye mita, na mita inahesabu kwa kurudi nyuma. Ni peni ya Brownhill iliyovuka karne na kugeuka namba. Mwanzoni ilibidi kwenda kupanga foleni kwenye vituo vya kuuzia, lakini mara malipo yalipohamia kwenye simu, umeme ulianza kununuliwa kwa Mangi na hata kitandani, saa nane usiku, kwa elfu moja. Ugomvi wa wapangaji haukwisha, na nisingependa kudai hivyo: bado kuna mchango wa LUKU, bado kuna anayenuna kwamba jirani anapikia jiko la umeme, na sasa wenye nyumba wengi huweka mita ndogo kwa kila chumba ili kila mtu ajue chake. Lakini umbo la ugomvi limebadilika. Zamani watu waligombania deni la jambo lililokwisha kupita, ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha. Sasa wanajadiliana kuhusu kiasi cha kununua kwa siku zijazo, na asiye nacho leo anaomba avumiliwe mpaka kesho. Deni limeondoka ukumbini, na nyumba nyingi zilizokuwa zimeukataa umeme zikaupokea.

Na umeme ukishaingia katika nyumba moja huenda mbali kuliko ukuta wa nyumba hiyo. Friji, ambalo Marekani lilianza kuwa chombo cha kawaida cha jikoni katika miaka ya 1920 na 1930, katika mitaa yetu lilikuwa la mtaa mzima kabla ya kuwa la familia: kibandiko mlangoni kilisema "barafu zinapatikana hapa", na mwenye friji aliuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto, na mabonge ya barafu kwa wauza juisi na samaki. Baridi yenyewe ilikuwa imepata kipimo cha kununulika.

Redio ilipita njia tofauti kidogo, na inanilazimu kulegeza hoja yangu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, lakini redio za wakati huo zilitumia valvu, zilikuwa nzito na zenye kula umeme mwingi. Transista, kifaa kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, iliyobuniwa Desemba 1947 katika maabara za Bell na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, ndiyo iliyoiondoa redio ukutani. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 kwa dola 49.95. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa na kiwanda hapa hapa Dar es Salaam kilichotengeneza redio na betri. Betri ndiyo iliyokuwa kipimo: ilinunuliwa mbili mbili, ilianikwa juani iliposinzia ili itoe siku moja zaidi, na nyumba ilijua mapema kama itasikia mpira wa Jumapili au la. Hata hivyo kilichoifikisha redio kwa wengi zaidi kilikuwa ni ukarimu, kwa sababu sauti haigawanyiki na haipungui kwa kusikilizwa na watu kumi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia jambo hilo kwa makusudi: kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchini kote, wakasikiliza kipindi kwenye redio moja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sijui uvumbuzi mwingine wa karne iliyopita uliotumiwa na taifa letu kwa akili kubwa namna hiyo. Televisheni ilichelewa sana kuja Tanzania Bara, ikaanza mwaka 1994 kwa vituo binafsi, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar kuwa na televisheni ya rangi, na yenyewe ilianza kwa kutazamwa madirishani na katika mabanda ya kulipia kiingilio.

Simu ya mkononi imeandikwa sana, kwa hiyo nitasema yale tu yanayogusa hoja hii. Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya aina hiyo barabarani New York tarehe 3 Aprili 1973. Miaka kumi baadaye chombo hicho kilianza kuuzwa kwa karibu dola 4,000. Tanzania ilipata mtandao wa kwanza mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa simu ilikuwa kitu cha wafanyabiashara na wakubwa. Tukio ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote hayo lilitokea Ureno mwaka 1995, kampuni ya TMN ilipoanza kuuza laini isiyo na mkataba wala bili, ya kulipia kabla. Utaratibu huo ulipofika kwetu ukavaa sura ya vocha ya kukwangua, na tangu hapo hakuna aliyeulizwa tena anafanya kazi wapi au analipwa shilingi ngapi ili awe na namba yake. Hata asiye na salio alipata sauti, kwa kubipu, lugha iliyobuniwa na watumiaji wenyewe: mlio mmoja, nimefika, milio miwili, nipigie. Fedha zikafuata. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na makondakta wa mabasi waliobeba bahasha za watu kwenda Songea na Bukoba kwa kuaminiana tu. Leo mwavuli wa wakala uko karibu kila kona, na kijana aliyeko Tandale anamtumia mama yake kijijini elfu tano bila aibu ya kwamba ni kidogo, kwa maana zamani elfu tano haikustahili safari ya bahasha.

Kuna gharama katika haya yote, na ingekuwa si haki kuyasifu bila kuitaja. Anayenunua kwa kipimo kidogo hulipa zaidi kwa kila tone. Bando la siku ni ghali kuliko la mwezi ukipigia hesabu. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko wa gunia. Maji ya dumu la lita 20 yanayoletwa na mkokoteni ni ghali mara kadhaa kuliko ya bomba la nyumba iliyounganishwa. Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa hata ikapunguzwa baada ya wiki chache, kwa sababu shilingi inayoongezwa kwenye muamala huwauma zaidi wanaoishi kwa miamala midogo na mingi. Mwenye fedha ya mkupuo hununua punguzo. Asiye nayo hununua nafasi ya kuishi leo. Simlaumu Mangi kwa hilo, kwa kuwa naye analipia pango, mfuko, muda na hasara ya kumwagika. Lakini wanaopanga bei za mijini, kuanzia maji mpaka intaneti, wangepaswa kuutazama mwisho mdogo wa mizani kwa makini kuliko wanavyoutazama mwisho mkubwa.

Mtihani wa hoja hii kwa sasa uko jikoni. Gesi ya mitungi inauzwa kila mahali Dar es Salaam, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imegawiwa katika mikutano mingi. Bado magunia ya mkaa yanaingia jijini kila alfajiri. Wapo wanaosema kwamba watu hawaelewi madhara ya moshi, au kwamba wali wa mkaa ni mtamu zaidi. Mimi nauona mkaa ukiuzwa kwa kopo na kwa sado, kwa kiasi chochote mtu alichonacho, na nauona mtungi ukihitaji fedha yote kwa pamoja siku ile ile unapozima, ambayo haichagui kuwa siku ya mapato mazuri. Mkaa una kipimo, na gesi bado inakitafuta. Kampuni iliyoanzia hapa jijini, KopaGas, ilitengeneza mita inayokaa juu ya mtungi na kumwezesha mteja kulipia kwa simu kidogo kidogo kadiri anavyopika, na mwaka 2020 teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza. Wazo ni la Brownhill tena, safari hii juu ya jiko la plati mbili katika chumba cha kupanga. Ugumu uko kwenye mita yenyewe, ambayo lazima mtu aigharimie kabla ya kilo ya kwanza kuuzwa, na mpaka atakapopatikana wa kuibeba gharama hiyo kwa nyumba zote, kina mama wa mtaani kwetu wanaendelea na mgawanyo wao: chai ya asubuhi na kupasha viporo kwa gesi, kwa sababu ni haraka, maharage na makande kwa mkaa, kwa sababu yanakaa jikoni saa nyingi na mtungi lazima ufike mwisho wa mwezi.